Namna ya kutoa makala ya jarida kwenye tasnifu yako bila kupigwa hela

Ukishatoka steshenari na zile nakala zako tano za jalada gumu, herufi za dhahabu, gundi bado inanuka, unajiona umemaliza. Hujamaliza bana. Ile tasnifu itaenda kukaa kwenye shelfu ya maktaba na atakayeifungua ni mwanafunzi wa mwaka unaofuata anayetafuta pa kudesa mpangilio wa yaliyomo, basi. Kama unataka kazi yako isomwe na daktari wa Mwanza au mtafiti wa Kampala inabidi uitoe iwe makala kwenye jarida, na hicho kitu hakuna anayekufundisha vizuri, supavaiza anakwambia "haya sasa andaa makala" alafu anasafiri semina wiki tatu.

Mi masta nimefanyia hapa hapa Moshi, nimetoa makala mbili, ya kwanza nilipigwa (nitasimulia mbele), na sa hivi kinachonilisha nusu ya mwezi ni kuhariri makala za watu wa afya na kumsaidia mhariri mmoja wa jarida dogo la chuo kupokea makala zinazoingia. Kwa hiyo meza nimekaa pande zote mbili. Nawaandikia nyie wa hospitali ya KCMC, wa chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru, wauguzi, watu wa maabara, watu wa maji na mifugo pia, njia ni ile ile.

Kwanza kabisa chagua kitu kimoja

Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa 118 na malengo mahususi manne. Majarida mengi ya afya yanataka makala ya utafiti iwe maneno kama 3,000 mpaka 4,000. Sasa watu wanachofanya ni kubana, wanachukua kurasa 118 wanapunguza sentensi huku na huku mpaka inabaki kurasa 40 ambazo hazina kichwa wala miguu. Usibane. Chagua lengo moja lenye jibu linaloeleweka, yale mengine matatu yaweke kwenye faili lingine.

Kipimo changu ni Hiace. Ukipanda getini KCMC kuelekea stendi na jirani yako akakuuliza umesomea nini, je kabla hajashuka unaweza kumwambia ulichokuta na akashangaa? Chukua mfano wa kwetu wenyewe. Kuna watafiti walifuatilia wagonjwa wa homa 870 waliolazwa KCMC na hospitali ya Mawenzi, kazi ikatoka 2013 kwenye jarida la PLOS Neglected Tropical Diseases. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vilipokuja, wenye malaria kweli kama chanzo cha homa ni 14. Kumi na nne! Na sehemu kubwa ya homa zilizojulikana zilitoka kwenye vijidudu vya wanyama, leptospira, homa ya Q, brusela, vitu ambavyo hapa kwetu tunalala navyo zizini. Nyuma ya hiyo habari kuna maabara na miaka ya kazi lakini ukiisema ndani ya Hiace inaeleweka kabla ya kufika Mbuyuni. Hicho ndo unachotafuta kwenye data yako, hata kama chako ni kidogo zaidi.

Ila pia usikatekate data moja vipande sita kama mkate wa chai ili uwe na makala sita. Wahariri wanaona, wagonjwa wale wale 200, kliniki ile ile, miezi ile ile, wanakuuliza maswali.

Makaratasi ya ruhusa yatangulie

Hapa sina hadithi ndefu. Cheti cha maadili cha chuo na kile cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kama utafiti wako ulikihitaji lazima viwe na tarehe ya KABLA hujakusanya data, na namba ya cheti inaandikwa ndani ya makala, sehemu ya mbinu. Nimeona makala nzuri kabisa inarudishwa siku ile ile kwa sababu cheti ni cha Agosti na wagonjwa walianza kuhojiwa Juni. Huwezi kurekebisha hiyo, imeisha. Alafu soma yale masharti yaliyoandikwa chini ya cheti cha NIMR, watu huwa hawayasomi: cheti kina muda wake, na kuchapisha matokeo kunahitaji kibali chao pia. Anza kuomba mapema wakati bado unaandika, maana majibu hayaji kesho.

Majina ya waandishi, hapa ndo ndugu wanagombana

Kuna kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inaitwa ICMJE, ilianza 1978 na majarida mengi ya afya yanafuata inachosema. Wanasema mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne, yote manne sio mawili: amechangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo au muundo au kukusanya au kuchambua data, ameandika au ameipitia makala kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa.

Sasa lete hiyo huku kwetu. Mkuu wa idara ambaye hajawahi kuona jedwali lako lakini "ni utaratibu" jina lake liwepo. Nesi wa kliniki aliyekaa na wewe miezi minne akiwapanga wagonjwa, huyo hata hakumbukwi. Mtu wa takwimu uliyemlipa. Mi ushauri wangu ni huu, siku unaanza kuandika tuma meseji kwa kila anayehusika: "Shikamoo Dokta, naanza makala ya lengo la pili, naomba tukubaliane waandishi ni hawa kwa mpangilio huu, na kila mmoja atapata rasimu asome kabla sijatuma." Iwe kwa maandishi. Mkuu wa idara akitaka jina mpe na kazi, mwambie kwa heshima asome sehemu ya majadiliano arudishe maoni ndani ya wiki mbili, akirudisha maoni ya maana na akaendelea mpaka nakala ya mwisho basi amefanya kazi ya mwandishi, asiporudisha anaingia kwenye shukrani. Yule nesi naye muulize kama anataka kusoma na kuchangia, anaweza kuwa mwandishi kabisa. Na programu za akili mnemba haziwi waandishi, ICMJE walishasema 2023, ukizitumia unatamka ulizitumia kufanya nini.

Jarida: wewe ndo unatafuta, sio linakutafuta

Haya sasa nisimulie. Wiki mbili baada ya kudifendi niliandikiwa imeili, "Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa sana na kazi yako". Profesa! Mi nilikuwa sijarudisha hata joho. Nikatuma makala yangu, siku ya nne jibu, imekubaliwa, hakuna hata koma moja waliyogusa, lipa dola 150. Shemeji yangu mwenye kadi ya benki akanilipia, kama laki tatu na nusu, nikamrudishia kwa awamu. Ikapanda kwenye saiti yao, nikachapisha ukurasa wa kwanza nikampelekea mzee nyumbani Marangu akauweka kwenye bahasha na hati ya shamba. Baada ya mwaka na kitu saiti ikafa. Haifunguki. Nilivyoanza kunusa kabla ya hapo nikawaandikia naomba muitoe, wakasema kuitoa ni dola 200. Na data ile siwezi kuipeleka kwingine kama kazi mpya maana ilishachapishwa. Data za wagonjwa walionipa muda wao, zimekaa hivyo.

Na sio ujinga wa mimi peke yangu. 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitengeneza makala ya uongo yenye makosa ya wazi akaituma kwenye majarida 304, zaidi ya nusu wakaikubali. Mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha ya haya majarida ya kupiga hela mpaka alipoiondoa Januari 2017, nakala zake bado zinazunguka ila usizitegemee sana, zimezeeka na watu wanafungua mapya kila siku.

Ninachofanya sasa kabla sijamshauri mteja:

Nafungua makala tatu za karibuni za lile jarida na kuzisoma, kuzisoma kweli. Kama kuna makala ya umeme wa jua, ya ndoa za utotoni na ya saratani ya tezi dume kwenye toleo moja la jarida linalojiita la uuguzi, nafunga.

Naangalia kama limo DOAJ, hiyo ni orodha ya majarida ya wazi (yale yanayosomwa bure mtandaoni) ilianza 2003, au kama ni la Afrika naliangalia kwenye AJOL, wale wa Afrika Kusini wanaokusanya majarida ya bara hili tangu 1998. Naangalia kama mhariri wake ni mtu wa kweli, natafuta jina lake kwenye ukurasa wa chuo chake, sio kwenye saiti ya jarida. Kuna orodha ya maswali inaitwa Think. Check. Submit., bure, ilizinduliwa 2015, ipitie yote inachukua dakika kumi.

Nanakili ISSN, zile tarakimu nane, naitafuta pembeni, kwa sababu kuna matapeli wanaiga jina la jarida la kweli na rangi zake na kila kitu wanafungua saiti pacha. Hii imewapata watu wazima na PhD zao.

Kuhusu ada. Majarida mengi ya wazi ya maana yanatoza, mengine dola elfu mbili na zaidi, usikimbie ukiona hiyo bei. Yana msamaha kwa nchi kama yetu ila kila mchapishaji ana kipimo chake, wapo wanaofuata makundi ya nchi ya Research4Life (mpango wa kuzipa nchi za kipato kidogo machapisho bure au kwa bei nafuu) na wapo wanaofuata Benki ya Dunia, na Benki ya Dunia ilituhamishia kipato cha kati cha chini Julai 2020, kwa hiyo kuna sehemu tulikuwa tunasamehewa yote sasa ni nusu. Soma ukurasa wao wa misamaha na uombe SIKU UNAYOTUMA, kwenye mfumo kuna kisanduku. Ukisubiri mpaka ikubaliwe ndo uanze kulia, wengi hawakusikilizi. Pia yapo majarida mazuri ya hapa Afrika yanayotoza kidogo au hayatozi kabisa na wasomaji wake ndo hao hao madaktari unaotaka wakusome. Mi sielewi kwa nini mtu akomae na jarida la Ulaya kwa utafiti wa zahanati za Hai.

Na tuma jarida moja kwa wakati mmoja. Moja. Kutuma matatu kwa mpigo ili uone nani atawahi ni kosa la maadili, na wapitiaji (wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa) ni wachache, mtu yule yule anaweza kuletewa makala yako na majarida mawili wiki moja, nimeshuhudia, aibu yake sio ndogo.

Kuandika kwenyewe

Fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi wa jarida ulilochagua, uuchapishe, ubandike ukutani. Idadi ya maneno, mtindo wa marejeo, ikisiri (ule muhtasari wa juu) iwe na vichwa au isiwe navyo. Alafu tafuta orodha ya kuhakiki inayolingana na aina ya utafiti wako: kama ni wa kuangalia tu bila kumpa mtu dawa ni STROBE, ina vipengele 22, kama ni jaribio la tiba ni CONSORT, kama ni mapitio ya tafiti ni PRISMA. Zote ziko bure kwenye saiti ya EQUATOR. Watu wanaijaza mwishoni kama fomu ya benki, wewe andika nayo pembeni.

Usianze na utangulizi. Utangulizi unakula wiki na unatoka na "Shinikizo la damu ni tatizo kubwa duniani kote", sentensi ambayo kila mhariri ameisoma mara elfu. Anza na majedwali. Majedwali mawili matatu na mchoro mmoja, yakikaa sawa andika matokeo, kisha mbinu, kisha majadiliano, utangulizi baadaye, ikisiri na kichwa mwisho kabisa.

Kwenye majedwali hebu jumlisha kwa kikokotoo cha simu. Mwezi uliopita dada mmoja kaniletea kazi safi sana, juu ya jedwali washiriki 212, chini walioolewa 97, hawajaolewa 61, wajane 34, walioachika 23. Jumlisha, 215. Aliondoa watu watatu wenye taarifa pungufu akarudia uchambuzi wote isipokuwa ule wa ndoa. Mpitiaji akiona hiyo haamini tena hata namba moja kwenye makala nzima, na ana haki. Lingine la kila siku ni p = 0.000 (p ni ile namba ya kupima kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu), programu ya takwimu ya SPSS ndo inavyoandika lakini hakuna p ya sifuri, unaandika p < 0.001. Na asilimia zenye desimali mbili kwenye watu 23, 43.48%, ya nini jamani, andika 10 kati ya 23.

Maneno ya ukubwa nayo. Rafiki yangu wa maji kule Arusha aliandika visima vya chini ya Meru vina "floridi nyingi sana". Nyingi ngapi? Mwongozo wa WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, basi andika kisima hiki ulipima ngapi na ni mara ngapi ya hapo, msomaji atasema mwenyewe nyingi sana.

Sasa kuna kitu hakuna kitabu cha Kiingereza kitakwambia, na hapa sisi tunapoteza maksi ambazo ni za kwetu. Dodoso lako uliliuliza kwa Kiswahili. Makala unaandika kwa Kiingereza. Katikati hapo vitu vinamwagika. Mama akikwambia ana presha ya kushuka, mara nyingi anaongelea kizunguzungu na kuishiwa nguvu, mashine inaweza isionyeshe kitu chochote. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa na shinikizo dogo la damu umedanganya bila kukusudia. Degedege vilevile, wewe umeandika kifafa, mzazi alikuwa anaongelea mtoto aliyekakamaa na homa na kwake hayo ni magonjwa mawili tofauti na pa kumpeleka ni tofauti. Malaria ndo usiseme, kuna mtu kila homa kwake ni malaria, rudi kwenye wale 528. Kwa hiyo kwenye mbinu andika neno lenyewe la Kiswahili ulilouliza, kwa herufi za mlazo, na ueleze ulivyolitafsiri na nani alilirudisha kwa Kiswahili kukagua. Wapitiaji wa nje wanapenda hiyo kuliko unavyodhani, na mpitiaji wa Dar atakuheshimu.

Kiingereza kikikugomea fanya hivi: washa rekoda ya simu, mweleze mtu matokeo yako kwa Kiswahili dakika tano kama unavyoongea, alafu sikiliza na uandike sentensi fupi fupi za Kiingereza kwa mpangilio ule ule. Mpangilio wako wa mdomoni ni mzuri kuliko ule wa kwenye tasnifu, niamini.

Marejeo tumia Zotero, ni programu ya bure ya kuyapanga. Na kila rejeo ulifungue kwa macho yako. Mteja mmoja aliomba akili mnemba imtafutie marejeo, kwenye 31 nikakuta matatu hayapo duniani, majina ya watu wa kweli, jarida la kweli, makala hakuna. Chukua DOI, ile namba ya utambulisho ya makala, ibandike baada ya doi.org/ uone inafunguka nini. Na kudesa sentensi za watu, hata zile za utangulizi, kuna programu inazishika kabla binadamu hajasoma.

Siku ya kutuma

Jisajili ORCID, dakika tano, ni namba ya tarakimu 16 inayokutambulisha, hasa sisi ambao kila ukoo una Mushi na Massawe mia. Hakikisha jina limekaa sawa, la kwanza ni la kwanza na ukoo ni ukoo, yangu niliiweka kinyume na makala ya pili nikajikuta naitwa kwa jina la ubatizo kama ndo ukoo.

Barua kwa mhariri iwe nusu ukurasa: umekuta nini, kwa nini wasomaji wa jarida lake, haijatumwa kwingine, waandishi wote wameridhia. Usimsifie jarida lake.

Kutuma kwenyewe kunachukua masaa mawili matatu mara ya kwanza, mfumo unauliza vitu vingi, nakala ya kwenye Word, michoro mafaili tofauti, imeili za waandishi wote, majina ya wapitiaji unaowapendekeza (usiweke shemeji yako). Fanya usiku bando likiwa na kasi, laptopu imechajiwa mpaka mia, mi umeme ulishanikatikia nikiwa kwenye ukurasa wa sita kati ya saba.

Upande wa pili wa meza

Makala ikiingia, mtu wa kwanza kuiona ni mtu kama mimi. Naangalia kichwa, ikisiri, cheti cha maadili, idadi ya maneno, ripoti ya kufanana na maandishi mengine. Dakika kumi na tano labda. Nyingi zinarudi hapo hapo mlangoni na sababu sio sayansi mbovu, ni kwamba imetumwa jarida ambalo sio lake, au imeletwa tasnifu nzima na ukurasa wa "natabaruku kazi hii kwa wazazi wangu" bado upo. Kweli kabisa, natabaruku ipo.

Ikipita hapo mhariri anatafuta wapitiaji wawili, anaandikia watu kumi, saba hawajibu. Hao wanaokubali hawalipwi, wanasoma usiku baada ya wodi. Ndo maana miezi mitatu inapita kimya. Ukifika mwezi wa tatu andika imeili moja ya heshima ukiuliza imefikia wapi, sio kila Jumatatu.

Majibu ya wapitiaji

Yakija utakasirika. Mpitiaji wa pili hasa, sijui huwa wanamtoa wapi. Soma mara moja, funga, nenda kale mtori, rudi baada ya siku mbili.

Kisha fungua faili jipya, nakili kila hoja yake moja moja na chini yake jibu lako, hata hoja ya koma. Mteja wangu mmoja aliambiwa kliniki moja haiwezi kuwakilisha Tanzania. Jibu lake la kwanza lilikuwa "tumefanya kama watafiti wengine wanavyofanya". Nikamwambia futa. Tukaandika hivi: "Tunashukuru, ni kweli. Tumeondoa Tanzania kwenye kichwa na kuweka Moshi. Pia ukurasa wa 12 mstari wa 240 tumeeleza kuwa kliniki yetu ni ya rufaa, hivyo wagonjwa wake huenda wana hali mbaya zaidi kuliko wa zahanati." Unaona, kakubali, kaonyesha alipobadilisha, na ule udhaifu umegeuka kuwa taarifa. Ikapita.

Na ukiwa na uhakika mpitiaji kakosea, sema hapana, ila kwa sababu na rejeo. Aliyeniambia mimi niongeze kipimo ambacho hospitali yetu haikuwa nacho mwaka ule nilimjibu hivyo hivyo, hatukuwa nacho, tumekitaja kwenye mapungufu. Mhariri akaridhika. Huhitaji kukubali kila kitu kama upo kwenye maswali ya kudifendi.

Ikikataliwa, chukua maoni yale uyafanyie kazi kabla ya kupeleka jarida lingine, usiitume ilivyo. Mpitiaji anaweza kuwa yule yule.

Ikikubaliwa wanakutumia nakala ya kukagua na mara nyingi wanakupa masaa 48. Hapo usisome majadiliano, soma majina, vyuo, majedwali, na miligramu zisiwe zimegeuka gramu.

Alafu kuna kitu kimoja hakipo kwenye maelekezo ya jarida lolote. Pale kliniki uliposumbua watu miezi minne hawana muda wa pdf ya Kiingereza ya kurasa kumi na moja. Tengeneza ukurasa mmoja wa Kiswahili, tulihoji wangapi, tulikuta nini, kipi kinaweza kubadilika kwenye foleni ya dawa, herufi kubwa. Mi wangu wa makala ya pili nilimpelekea sista msimamizi, akausoma amesimama, akaniambia "hii namba ya wanaokosa nauli mbona tuliijua", akachukua selotepu akaubandika pembeni ya dirisha la dawa.